Ukiambiwa ni pacha, uliza zalio ngapi

Siku niliyoambiwa nina pacha niliuliza maswali matatu. Wazima? Wanawake au wanaume? Na hili tumbo litafika wapi? Swali la nne, ambalo ndilo lenye maana, la zalio (kondo la nyuma, linalowalisha watoto tumboni), sikulijua, na aliyenipima hakunijibu kwa kuwa hakuulizwa. Kwenye kadi akaandika "pacha, wote wazima", akanipa karatasi ya tishu nijifute jeli, akaita anayefuata. Nilikuwa na wiki 12.

Wiki ya 21 nilikuwa mbele ya daktari mwengine. Kabla hata hajawasha mashine akauliza: "Mama, zalio ni moja au mawili?" Nikamwambia sijui. Akapima, akanigeuza ubavu, akapima tena, akakaa kimya kidogo. "Muda wake umeshapita," akasema. "Sasa hivi picha hainipi jawabu la kuaminika." Ikabidi nihesabiwe mwenye zalio moja, ambalo lina hatari zaidi ya mawili, kwa tahadhari, na nipimwe kila wiki mbili. Kutoka Konde hadi Chake Chake, huku kwetu Pemba, na tumbo la pacha, ndani ya gari ya abiria.

Yanayofuata nimeyaandika kwa ajili ya anayeshuku ana pacha, au ameshaambiwa, na bado mimba ni changa. Mimi si daktari. Nimezaa pacha, na tangu hapo nimewasindikiza majirani na mawifi kwenye vipimo hadi manesi wananijua kwa jina.

Hatua ya kwanza: hesabu siku zako vizuri

Kipimo cha mapema cha pacha kina dirisha lake. Linafunguka wiki ya 11 na kufungwa wiki ya 13 na siku sita, yaani siku ya 77 hadi ya 97 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hesabu haianzi siku uliyokosa hedhi, wala siku unayodhani mimba iliingia. Inaanza siku ile damu ya mwisho ilipoanza kutoka.

Wengi wetu tarehe za kizungu hatuziweki kichwani, tunakumbuka kwa mwezi mwandamo: "niliingia siku tatu baada ya Idi", "ilikuwa mfungo sita, kabla ya maulidi ya mtaani kwetu". Hilo si tatizo, na hesabu yake ni nyepesi kuliko unavyodhani. Miezi mitatu ya mwandamo ni siku 88 au 89, ambazo ni wiki 12 na siku nne au tano. Iko ndani ya dirisha kabisa. Kwa hiyo kama hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe 10 mfungo mosi, basi tarehe 10 mfungo nne ndiyo siku nzuri ya kupimwa. Ukiwahi wiki moja bado uko sawa. Ukichelewa wiki moja unakaribia kufungiwa mlango, na ukichelewa wiki mbili umeshafungwa.

Ila ukifika hospitali toa tarehe ya kizungu. Muulize mtu mwenye kalenda yenye tarehe zote mbili aigeuze kabla hujatoka nyumbani. Nimeshuhudia mtu akikwama dirishani huku foleni ikisubiri, nesi na mgonjwa wote wawili wanahesabu vidole.

Na kama hedhi zako hazina mpangilio, au ulibeba mimba ukiwa bado unanyonyesha na hukuona damu, basi nenda mara tu unapojua una mimba. Kipimo chenyewe kitakupa umri. Katika wiki hizi mtoto hupimwa urefu kutoka utosini hadi makalioni, na urefu huo hutoa umri wa mimba kwa usahihi kuliko kumbukumbu yetu. Kwa pacha, umri hutolewa kwa yule mrefu zaidi.

Hatua ya pili: nenda mapema, si lazima utangaze

Hapa ndipo tunapojikosesha. Kwetu mimba changa haisemwi. Mtu anaficha mpaka mwezi wa nne au wa tano, baibui linasaidia, na kliniki anaanza pale tumbo linapojisema lenyewe. Hofu ya hasadi naijua, nami nimelelewa nayo, na sitamcheka mtu. Lakini kwenda kliniki si kutangaza. Nesi hamjui wifi yako. Unaweza kwenda kituo cha mtaa mwengine, ukaaga nyumbani kwamba unakwenda sokoni, na ukweli ukabaki kwako na mumeo.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mja mzito aanze kliniki ndani ya wiki 12 za mwanzo na apimwe ultrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mwenye mtoto mmoja, wiki ya 20 bado inafaa. Kwa pacha, wiki ya 20 itakuonyesha watoto lakini ya zalio inaweza kukuficha.

Anayefaa kushuku pacha ni nani? Aliyezaliwa pacha mwenyewe, au mama yake au ndugu zake wa kike wamezaa pacha. Aliyetumia dawa za kusaidia kushika mimba. Anayetapika kupita kiasi. Ambaye mkunga amemshika tumbo akasema "hili ni kubwa kuliko miezi yako". Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ushahidi. Mimi mwenyewe sikuwa na dalili yoyote zaidi ya njaa.

Hatua ya tatu: uliza kabla ya kupanda gari

Pemba tuna hospitali za Wete, Micheweni, Chake Chake, na ya Abdulla Mzee iliyopo Mkoani. Unguja kuna Mnazi Mmoja, Lumumba, na kwa watu wa shamba Kivunge na Makunduchi. Zipo pia za watu binafsi. Popote unapokusudia, pigia simu au mtume mtu aulize mambo mawili: je, mashine inafanya kazi wiki hii, na je, siku hiyo yupo mtu aliyezoea kupima mimba za pacha? Mashine nzuri kwa mikono isiyozoea itakwambia "wawili" tu, kama nilivyoambiwa mimi.

Chukua kadi ya kliniki, au daftari kama kadi hujapata, pamoja na majibu yote ya damu. Chukua kalamu pia. Utaona baadaye ya nini.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Kunywa maji glasi tatu au nne kama saa moja kabla, na usiende haja ndogo. Kibofu kikijaa husukuma kizazi juu na picha inakuwa safi. Tatizo ni kwamba foleni haijui kibofu chako. Ukiona mbele yako wapo watu kumi, kunywa kidogo kidogo, usimalize chupa mlangoni. Ukizidiwa, punguza kidogo, hakuna kilichoharibika.

Mwezi wa Ramadhani watu huahirisha kipimo mpaka Idi kwa sababu ya maji haya. Dirisha la wiki tatu halingojei Idi. Mwambie nesi kama umefunga, na uliza kama unaweza kupimwa asubuhi mapema baada ya daku, au kupimwa kwa njia nyengine. Mja mzito anayehofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, hilo utauliza kwa wanaojua.

Vaa vipande viwili, sketi au suruali pana na blauzi, ili ufungue tumbo tu na usilazimike kuvua dera zima. Kanga mbili: moja ya kulalia, moja ya kujifunika miguu. Jeli ni baridi, utashtuka kidogo. Kinachotumika ni sauti ambayo masikio yetu hayaisikii, inagonga na kurudi, ndipo picha inajichora. Si mionzi kama ya eksirei, na haiunguzi mtoto wala "haimpofushi", kama nilivyoambiwa na bibi mmoja jirani yetu.

Mara nyengine, hasa mimba ikiwa chini ya wiki 10 au kizazi kimelalia nyuma, huomba kupima kwa njia ya ukeni. Hapo kibofu kinatakiwa kiwe kitupu. Kifaa ni chembamba, huvishwa kinga, hakimgusi mtoto na hakiharibu mimba. Una haki ya kumtaka mpimaji mwanamke, au walau nesi wa kike asimame chumbani, au mama yako aingie nawe. Sema mwanzo, kwa upole, kabla hujapanda kitandani. Nimewaona wanaonyamaza kwa haya kisha wakakimbia na kipimo kisifanyike, na dirisha likapita.

Pacha huchukua muda kuliko mmoja. Usiogope mpimaji akinyamaza na kukunja uso. Anahesabu.

Hatua ya tano: maswali, na hapa usiharakishwe

Swali la kwanza: mapigo ya moyo yako mawili? Wiki ya sita au saba moyo huweza kuonekana ukidunda. Ukipimwa mapema hivyo, jua mambo mawili. Anaweza kuonekana mmoja, kisha ukarudi wiki ya 12 wakawa wawili. Na wanaweza kuonekana wawili, kisha ukarudi akawa mmoja, kwa kuwa mwengine alisimama kukua na mwili ukamfyonza. Hutokea, na si kwa sababu ulinyanyua ndoo au ulikula nanasi. Ndiyo maana mimi simshauri mtu kuwaita watu na kununua nguo kwa picha ya wiki ya saba.

Swali la pili ndilo la zalio. Wenyewe hospitali wataita kondo au kondo la nyuma, ni kitu kile kile. Uliza: "Zalio ngapi, na chupa ngapi?" Chupa ni ule mfuko wa maji anaoogelea mtoto. Majibu yako matatu.

Mazalio mawili, chupa mbili. Kila mtoto ana chakula chake na nyumba yake. Hii ndiyo nyepesi zaidi na ndiyo inayopatikana zaidi.

Zalio moja, chupa mbili. Kila mmoja ana nyumba yake lakini wanakula sahani moja. Ndani ya zalio mishipa yao ya damu hukutana, na kwa kawaida kinachokwenda huku hurudi kule. Katika kila mimba 100 za namna hii, kama 10 hadi 15 mizani huharibika: damu inakwenda upande mmoja zaidi. Ni kama nyumba mbili zenye tangi moja la maji, bomba la huku likafunguliwa lote. Mmoja anajaa, anakojoa sana, chupa yake inafurika, na mwenzake anakauka mpaka chupa inamganda mwilini. Mama hasikii maumivu yoyote mwanzoni. Kinachoonyesha ni picha tu, na ndiyo sababu ya kupimwa kila wiki mbili.

Zalio moja, chupa moja. Hii ni nadra. Hakuna pazia kati yao, na kamba za vitovu zinaweza kusokotana. Huyu anatakiwa mikononi mwa daktari bingwa tangu siku hiyo.

Unajiuliza, mpimaji anajuaje? Usidhani anahesabu vipande vya nyama. Mazalio mawili yanaweza kukaa ubavu kwa ubavu hadi yakaonekana moja. Anachotazama ni pale pazia linalowatenganisha watoto linapogusa zalio. Yakiwa mazalio mawili, pazia ni nene, na mguu wake unatanuka kama kabari iliyochomekwa. Likiwa moja, pazia ni jembamba kama utandu wa maziwa, na linasimama wima pale bila kutanuka, kama herufi T iliyogeuzwa. Mwombe akuonyeshe, wengi hufurahi kuonyesha. Kabari hiyo hufifia mimba ikikua, ndiyo maana daktari wangu wa wiki ya 21 hakuiona.

Na usikubali maneno ya mtaani hapa. "Mazalio mawili maana yake hawatafanana" si kweli: wanaofanana kama sarafu moja nao wanaweza kuwa na mazalio mawili, ikiwa yai liligawanyika mapema sana. Zalio moja, ndiyo, hao ni wa yai moja.

Swali la tatu: yupi ni yupi? Mpimaji huwapa namba au herufi kufuatana na walivyokaa, mmoja kulia na mwengine kushoto, au mmoja chini karibu na mlango na mwengine juu. Namba hizo zifuatwe kila kipimo. La sivyo mwezi ujao utaambiwa "mmoja kapungua kukua" na hakuna atakayejua ni yule yule aliyekuwa mdogo.

Jinsia usiipotezee muda. Wiki ya 12 ni kubahatisha.

Hatua ya sita: yaandikwe

Usishuke kitandani mpaka uone kwenye kadi: umri wa mimba kwa wiki na siku, urefu wa kila mtoto, moyo wa kila mmoja, idadi ya mazalio na chupa, na tarehe ya kipimo. Akisahau, mpe ile kalamu. "Daktari, samahani, niandikie na zalio." Hakuna atakayekukasirikia, na akikasirika atakuwa ameshaandika. Akisema "sina uhakika", mwambie aandike hivyo hivyo, kisha uende kupimwa tena kwengine wiki hiyo hiyo kabla dirisha halijafungwa.

Omba pia picha ya pale pazia linapokutana na zalio. Watu huomba picha ya uso. Ya uso ni ya kumwonyesha baba, hii ni ya kumwonyesha daktari.

Picha hiyo piga kwa simu siku ile ile, kisha iweke ndani ya bahasha, mbali na jua. Karatasi yake huchapwa kwa joto, hufifia kama risiti ya dukani. Mimi niliipeleka kutiwa plastiki ili idumu. Ikaingia upande mmoja wa mashine ikiwa na watoto wawili, ikatoka upande wa pili nyeusi tititi. Kijana wa dukani akanitazama, nikamtazama. Nilicheka mwaka wa pili yake.

Hatua ya saba: panga miezi iliyobaki kwa jibu la zalio

Mazalio mawili: kipimo kikubwa cha viungo karibu na wiki ya 20, kisha kila wiki nne hivi kutazama kama wanakua sawa. Zalio moja: kuanzia wiki ya 16, kila wiki mbili. Nauli yake iweke pembeni tangu sasa, na mwambie mumeo kwa namba, "safari kumi", asifikirie ni safari moja moja. Kama kila wiki mbili haiwezekani kwa hali yenu, mwambie daktari wazi mapema, akuchagulie wiki za kutokosa.

Kujifungua nako hufuata zalio. Mimba ikienda vizuri, wenye mazalio mawili huzalishwa karibu na wiki ya 37, wenye zalio moja na chupa mbili karibu na wiki ya 36, na wenye chupa moja kati ya wiki ya 32 na 34 kwa upasuaji. Lakini zaidi ya nusu ya pacha huja kabla ya wiki 37 bila kungoja kuitwa. Kwa anayeishi Makangale, au kisiwani Kojani, au Tumbatu, maana yake ni kutafuta mapema jamaa wa kufikia karibu na hospitali. Na kama umeambiwa utazalia Unguja, usipange kuvuka wiki za mwisho. Bahari ya kusi haina huruma na tumbo la pacha.

Siku hiyo hiyo ya kipimo muulize daktari kuhusu dawa ya kuongeza damu, kwa kuwa watoto wawili wanakunywa damu ya mmoja, na kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Pacha huongeza hatari ya presha ya mimba na kifafa cha mimba, na kwa baadhi ya kina mama dawa hiyo huanzwa kuanzia wiki ya 12. Asiyeandikiwa asijinunulie.

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona haya

Damu ukeni, hata kidogo. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, au kuzimia, katika wiki za mwanzo. Kutapika hadi maji hayakai na mkojo umekuwa mchache, mweusi. Baadaye: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota, uso na mikono kuvimba ghafla. Maji kutoka, au tumbo kubana na kuachia mara kwa mara kabla ya wakati. Na kwa mwenye zalio moja hasa, tumbo kukua kwa siku chache kama la wiki nyingi, likakaza kama ngoma, pumzi ikakukatika ukilala. Hiyo usiku wa manane ni gari, si asubuhi.

Wangu walizaliwa wiki ya 36, mmoja alfajiri na mwengine dakika kumi na moja baadaye. Mkunga alipomaliza nami nikamuuliza, hata kabla ya kuuliza uzito: "Zalio ngapi?" Akacheka, akainamisha beseni nione. Mawili, kila moja limekaa peke yake na kitovu chake. Safari nane za Chake, shoga yangu, kwa herufi ambazo zingeandikwa kwa nusu dakika wiki ya 12.